Funguo Mbili za Komeani

Mlinzi wa mji wa Komeani hakumuuliza Vuai jina lake wala alikotoka. Alimshika mikono yote miwili, akavigeuza viganja kama mtu anayechagua samaki, kisha akauliza, "Umeshika ufunguo gani?"

"Sijashika ufunguo wowote."

"Basi pita kwa amani. Ila usiguse kitu."

Vuai akacheka, akidhani huo ni utani wa mlangoni. Hakuwa mtu wa kuambiwa usiguse. Alikuwa fundi wa kuchonga mawe ya kusagia, kijana wa miaka ishirini na minne, na huko kwao alijulikana kwa mambo mawili, mkono mzito na shingo ngumu. Alikuja kwa sababu ya dada yake Mize, aliyeolewa Komeani miaka kumi na mmoja nyuma. Ujumbe wa Mize ulikuwa mfupi: "Niko benchini na siwezi kuinuka. Njoo."

Ni benchi gani hilo lisilomwachia mtu, Vuai hakuelewa. Alielewa kabla ya adhuhuri.

Kiu ilimshika sokoni. Kando ya njia palikuwa na mtungi mkubwa wa maji, kifuniko chake kina kufuli. Alipokigusa tu, watu saba wakapiga kelele kwa pamoja, na mmoja akamshika kifundo cha mkono, polepole, kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Mgeni, ufunguo wa mtungi uko kwa mama yule pale."

Mama yule pale alikuwa ameketi na kata yake. Anakunywa funda, anapumzika, anamsimulia mwenzake habari za mkwewe, anakunywa funda jingine. Hakuna aliyemhimiza. Alipotosheka alifunga mtungi, akaupeleka ufunguo kwenye jengo refu katikati ya mji, akautundika huko. Aliyefuata akaenda kuuchukua huko huko, akarudi nao, akafungua. Zamu ya Vuai ilifika baada ya saa nzima.

Katika saa hiyo alitazama. Kigoda cha kinyozi kilikuwa na ufunguo. Ngoma ya arusi ilikuwa na ufunguo. Hata kivuli cha turubai la soko kilikuwa na ufunguo: mtu mmoja amekaa katikati yake, ufunguo shingoni, na watu thelathini wamesimama juani wakingoja aridhike na ubaridi.

"Hawa watu wana nini?" alimuuliza mwanamke aliyekuwa akipita na sinia la mikate kichwani, sinia pana kama ubao wa mlango. Mwanamke huyo aliitwa Bi Tabu, na alikuwa mkuu wa waokaji.

"Wana kumbukumbu, mwanangu."

Akamsimulia amesimama, sinia halitikisiki. Zamani Komeani haikuwa na funguo. Ilikuwa na daraja la mbao lililoweza kubeba gari moja tu la ng'ombe. Desturi ilikuwa nyepesi: tazama, ukiona daraja tupu, pita. Siku moja yalifika magari mawili, kila moja upande wake. Huyu alitazama akaona tupu. Yule alitazama akaona tupu. Wote wawili waliona kweli, na wote wawili wakaingia.

"Kati ya kutazama na kuingia pana nafasi ndogo," Bi Tabu alisema. "Katika nafasi hiyo tulizika watu kumi na tisa. Mama yangu alikuwa kwenye gari la pili. Basi usitucheke sana."

Vuai hakucheka tena. Baada ya msiba ule, mji ulitengeneza ufunguo mmoja wa daraja. Mwenye ufunguo ndiye mwenye daraja. Asiye nao atangoja. Tangu siku hiyo magari mawili hayakukutana tena darajani. Ilikuwa sheria nzuri, na watu wa Komeani waliipenda. Waliipenda hata wakaivisha kila kitu, kama mzazi anayemvisha mtoto kanzu ya msiba siku ya sikukuu.

* * *

Jengo refu liliitwa Ukumbi wa Misumari. Lilikuwa ujia tu, mrefu na mwembamba, wenye mlango mmoja mashariki na mwingine magharibi. Ukutani, kutoka mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na safu ya misumari mia moja na kumi, na kila msumari una ufunguo wake au una upweke wake. Nyuma ya jengo palikuwa na Ua wa Wangojao, na humo ndimo Vuai alimkuta dada yake.

Mize alikuwa ameketi kwenye benchi la jiwe, mgongo wima, ufunguo wa shaba umefungwa kiganjani kwa kitambaa. Mbele yake, hatua sita tu, kwenye benchi jingine, aliketi mwanamume wa makamo mwenye mafua, naye kiganja chake kimefungwa vilevile.

"Dada!"

"Mdogo wangu. Umekonda. Kaa. Yule ni Bwana Ngwali, msimamizi wa mashamba ya vitunguu ya mtaa wa Juu. Msalimie, hata kama ni adui. Tumekaa pamoja siku kumi na tisa, amekuwa kama jamaa."

"Jamaa gani ananitukana asubuhi na jioni," alisema Ngwali akipenga kamasi. "Karibu, kijana. Mwambie dada yako arudishe ufunguo, sote tukalale makwetu."

"Rudisha wewe!"

"Umeona? Hiyo ndiyo salamu ninayoipata."

Habari yao ilikuwa hivi. Mto uliopita juu ya mji ulizuiwa na ukuta mrefu, na katika ukuta kulikuwa na lango la maji. Lango lilikuwa na komeo la chuma nene kama paja, na juu ya komeo kuna gurudumu la kuliinulia. Komeo lilikuwa na ufunguo wake, gurudumu lilikuwa na wake. Kufungua lango kulitaka zote mbili. Siku kumi na tisa nyuma, wakati mto bado chini, Ngwali alitaka maji ya vitunguu, na Mize, msimamizi wa kinu cha mtaa wa Bondeni, alitaka maji ya kuzungushia kinu. Waliingia ukumbini asubuhi moja. Ngwali aliingia kwa mlango wa mashariki, ulio upande wa kwao, akakutana kwanza na ufunguo wa komeo, akauchukua. Mize aliingia kwa mlango wa magharibi, ulio upande wa kwao, akakutana kwanza na ufunguo wa gurudumu, akauchukua. Kisha kila mmoja akaenda kutafuta wa pili, akakuta msumari mtupu.

"Nikaketi kungoja," alisema Mize.

"Nami nikaketi kungoja," alisema Ngwali.

"Mnangojana ninyi wenyewe!" Vuai alipaza sauti.

"Ndiyo," walijibu pamoja, bila kuona ajabu yoyote.

Vuai alitaka kujua kwa nini wasiende wote wawili langoni, huyu afungue komeo na yule azungushe gurudumu. Jibu lilitoka nyuma yake, kwa mtu mrefu mwenye joho jeupe. Ndiye Bwana Kitwana, Msajili wa Funguo.

"Mikono miwili katika kazi moja," Msajili alisema kwa sauti ya kusoma, "ndiyo iliyovunja daraja. Kazi moja, mkono mmoja."

"Basi Bwana Ngwali ampe dada yangu ufunguo."

"Ufunguo haupitishwi mkono kwa mkono. Ukipita nje ya msumari, nani atajua uko kwa nani?"

"Basi mmoja aurudishe."

Watu wengine wangojao, waliokuwa wakisuka mikeka na kuchambua mchele kwenye mabenchi yao, waliinamisha vichwa kama waliosikia tusi. Msajili akamwonyesha Vuai ndoo ndogo iliyokaa juu ya kinara. Ndani yake kulikuwa na chokaa.

Atakayerudisha ufunguo bila kuutumia, alieleza, amekiri kwamba alichukua asichokihitaji. Hupakwa chokaa kiganjani, hukaushwa juani, na hurudiwa kupakwa kila Ijumaa kwa mwaka mmoja. Kwa mwaka huo haguswi kiganja hicho. Hapewi mkono wa salamu, hapewi mkono wa pongezi, hapewi mkono wa pole.

Mize alimtazama ndugu yake. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko sauti yake. "Nimewaza kurudisha," alisema polepole. "Usiku wa mvua nimewaza. Unasemaje, mdogo wangu?"

Damu ilimpanda Vuai. Alimwona Ngwali akinyoosha shingo kusikiliza, aliwaona wale wa mikeka wakiacha kusuka, na jibu lilimtoka kabla hajalipima. "Binti Mkuza, damu ya baba yangu, apakwe chokaa mbele ya mla vitunguu? Ukirudisha wewe, usije kwetu kusema sisi ni ndugu zako."

Wapo waliocheka. Mize hakucheka. Aliukaza ufunguo kiganjani, akasema, "Nimesikia."

Ndipo sauti ikaja kutoka mbali, upande wa mto, sauti ya mwanamume aliyezoea kuita juu ya maji: "Dhiraa sita na shubiri!"

"Ni shemeji yako," alisema Mize. "Pandu. Yeye ndiye mtazamaji wa kipimo cha maji, kibandani kwenye pembe ya ukuta. Mvua imenyesha milimani siku tatu."

"Na ukuta una dhiraa ngapi?"

"Nane."

* * *

Baraza la Komeo, lililotawala mji, liliitishwa uani, kwa kuwa wenye funguo hawakuruhusiwa kuondoka. Wajumbe walikuwa saba, na kila mmoja alisema kwa utulivu mkubwa. Sasa hakuna aliyetaka maji kwa vitunguu wala kwa kinu. Ngwali alitaka lango lifunguliwe ili mto upite. Mize alitaka lango lifunguliwe ili mto upite. Chini ya ukuta ilikuwako Bondeni, nyumba mia nne, na katika mojawapo walikuwamo mabinti wawili wa Mize na mama mkwe asiyeweza kutembea. Katika Komeani yote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyetaka lango libaki limefungwa. Nalo lilibaki limefungwa.

Mjumbe wa kwanza alishauri mmoja anyang'anywe kwa nguvu.

"Tulijaribu zamani," alisema Msajili. "Tulimnyang'anya seremala ufunguo wa daraja akiwa katikati ya kubadili mbao. Aliyepewa ufunguo baada yake alikuta daraja lina ufunguo halali na halina mbao tatu. Alizikwa na ufunguo mkononi."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Mjumbe wa pili akashauri funguo zote zifutwe, uwepo ufunguo mmoja tu wa mji mzima.

"Mwaka wa Ufunguo Mkuu," alisema Msajili, na watu wazima wakaguna. "Kinu kilimngoja kinyozi. Aliyetaka kuzika alimngoja aliyekuwa ananyoa. Mji mzima uligeuka mstari mmoja. Hatukugombana, ni kweli. Hatukula pia."

"Dhiraa saba!" iliita sauti ya Pandu.

Mjumbe wa tatu alisimama haraka kidogo. Kwa nini wote wawili wasirudishe kwa mpigo mmoja, bila chokaa kwa yeyote, halafu waanze upya?

Ngwali akacheka mpaka akakohoa. "Baba, ulikuwa wapi siku ya sita?"

Siku ya sita ilikuwa imefanyika hivyo hasa. Kengele ilipigwa, wote wakarudisha. Kengele ikapigwa tena, wote wakakimbia kuchukua. Ngwali alikimbilia mlango wake wa mashariki, akakutana na ule ule wa komeo. Mize alikimbilia mlango wake wa magharibi, akakutana na ule ule wa gurudumu. Wakarudia. Walirudia mara ishirini na mbili, kwa nia njema na kwa jasho jingi, mpaka Ngwali akateguka mguu, na Baraza likaandika kwamba pande zote mbili zilionyesha adabu ya hali ya juu.

Ni wakati huo Bi Tabu alipotokea kwenye mlango wa ua, sinia la mikate ya wangojao kichwani. Alisikiliza, akagonga mguu chini.

"Mabwana, nina neno."

"Gawa mikate, Bi Tabu," alisema Msajili.

"Nimegawa mikate ya watu waliokaa hapa miaka ishirini. Kati yao umewahi kumwona mwokaji?"

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyewahi kuiona kweli hiyo, kwa kuwa wote walikuwa wakila.

"Sisi kila asubuhi tunataka funguo nne," alisema Bi Tabu. "Kisima, ghala, kinu, tanuri. Waokaji ni kumi na wanane na funguo ni hizo hizo. Na mikate mnaipata, au hamuipati?"

"Mnafanyaje basi?" Ni Vuai aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa imepoteza makali.

"Hatufanyi kitu. Tuna masinia. Ujia ule ni mwembamba. Ukiingia na sinia kichwani huwezi kugeuka. Unaingia mashariki, kwenye matanuri yetu, unakwenda mbele tu mpaka unatokea magharibi. Ufunguo wa karibu unachukua kwanza, wa mbali baadaye. Ukikuta wa mbele yako umechukuliwa, unasimama unangoja, na unajua aliyenao amekwisha kukupita. Hangoji kilicho mkononi mwako, maana hicho kiko nyuma yake. Atamaliza. Na wewe utapata."

Akawaimbia wimbo ambao waokaji huwafundisha wanafunzi wao wakikanda unga, bila madaha, kama anayehesabu:

Chukua ulio mbele, kabla ya ulio ndani,
Usigeuke milele, sinia liko kichwani,
Ukikosa wako ule, subiri papo njiani,
Ukisahau wa kule, rudisha, toka, uanze.

"Wimbo wa jikoni," alisema mjumbe mmoja.

"Dhiraa saba na shubiri!"

"Ufunguo wa komeo uko msumari wa thelathini na moja," Bi Tabu aliendelea, na sasa hakuwa akiongea na Baraza. Alikuwa akimtazama Mize. "Wa gurudumu uko wa hamsini na saba. Bwana Ngwali kachukua wa karibu, anangoja wa mbali. Wewe, mwanangu, kwa kuingia kwa mlango wa nyuma umechukua wa mbali, unangoja wa karibu. Sisemi una kosa kwa sheria yao. Nasema ungekuwa mwokaji, ungerudisha, ungetoka, ungeanza."

"Rudisha, na wewe utapakwa chokaa," alisema Msajili, si kwa ukali. Alikuwa akisoma tu kilichoandikwa. "Msamaha ni kwa wanaorudisha wote wawili. Anayerudisha peke yake amekiri."

Mize hakumtazama Msajili. Alimtazama Vuai.

Vuai aliyahisi macho hayo kama mtu anavyohisi joto la jiko mgongoni. Alikuwa amechonga mawe tangu utoto. Alijua namna jiwe linavyosikiliza nyundo kabla ya kupasuka. Alijua pia kwamba dada yake hakuwa akingoja Baraza, wala Ngwali, wala msumari. Alikuwa akilingoja neno lake. Na neno lile alikuwa amelishika tangu asubuhi, limefungwa kiganjani mwake kama shaba, na hakuwa akilitumia kwa lolote.

Kulisema kulichukua muda mfupi sana. Lakini muda mfupi ulikuwa na bei yake siku hiyo, na kabla ya kusema alipoteza mwingine, akitafuta namna ya kusema ambayo isingemshusha. Hakuipata. Haikuwapo.

"Dada, rudisha. Nilikosea. Rudisha, u ndugu yangu hata kiganja chako kiwe cheupe."

Mize alikuwa ameshainuka kabla hajamaliza. Miguu iliyokaa siku kumi na tisa ilimyumbisha, Vuai akamshika. Waliingia kwa mlango wa magharibi, Mize akaufungua mkono wake kwa meno, akautundika ufunguo kwenye msumari wa hamsini na saba. Ngwali alikuwa anachechemea kutoka upande wa mashariki. Aliuchukua ufunguo, akasimama mbele ya Mize kufumba na kufumbua, halafu akakimbia na mguu wake mbovu kuelekea mtoni, na mji mzima nyuma yake.

"Dhiraa nane ka..." iliita sauti.

Haikumaliza.

Waliofika kwanza walisema walisikia ukuta kabla ya kuuona. Pembe ya kipimo iling'oka kama jino, na maji yakashuka kwenye vichochoro viwili vya mwanzo vya Bondeni. Ngwali hakuangalia huko. Alifungua komeo, akafungua gurudumu, akalizungusha peke yake, kwa kuwa kazi moja ilikuwa mkono mmoja, na watu mia nne walisimama na mikono yao mia nane wakimtazama akizungusha. Lango likainuka. Mto ukageuza uso ukapita. Ukuta uliobaki ulisimama.

Mabinti wa Mize walikuwa hai juu ya paa, bibi yao katikati yao. Pandu alipatikana alasiri, chini ya lango.

* * *

Msajili alitimiza wajibu wake jioni ile ile, kabla jua halijazama, kwa kuwa chokaa hukaushwa juani. Mize alimpa kiganja bila kuombwa. Kisha Msajili akafungua daftari na kuwasomea waliokuwapo alichokiandika: kwamba katika mambo ya siku hiyo hakuna aliyegusa kitu bila ufunguo, hakuna aliyenyang'anya, hakuna aliyepitisha mkono kwa mkono. Ukuta umevunjika, sheria haikuvunjika.

Vuai alikuwa na nyundo yake kiunoni. Alimtazama mtu yule mwenye joho jeupe na hasira ikamjaa mpaka kwenye meno. Lakini alikumbuka neno lake mwenyewe la asubuhi, akaona kwamba yeye na daftari lile walikuwa wamesema jambo moja. Akauacha mkono uteremke.

Siku ya maziko watu walipanga mstari kumpa mjane pole. Kwa desturi, pole ya Komeani hutolewa kwa kiganja cha kulia. Kila aliyefika mbele ya Mize alikiona kiganja cheupe, akaweka mkono wake kifuani, akainama, akapita. Walikuwa watu wema. Wengi walilia kwa kweli. Hawakumgusa.

Kisha waokaji waliingia, kumi na wanane, moja kwa moja kutoka kwenye kukanda. Viganja vyao vilikuwa vyeupe kwa unga, kulia na kushoto. Bi Tabu alikuwa wa kwanza. Aliushika mkono wa Mize kwa mikono yake miwili, akaushika muda mrefu, na alipouachia hapakuwa na aliyeweza kusema ni weupe gani wa chokaa na ni upi wa unga. Mtu aliyetunza ndoo ya chokaa alimtazama Msajili. Msajili aliangalia pembeni. Baada ya wale kumi na wanane akaja Ngwali. Alikuwa amechovya mkono wake katika sinia la unga mlangoni, naye akampa Mize mkono, akasema, "Bibi wee, siku kumi na tisa," akapita.

Vuai alikuwa wa mwisho. Hakuchovya mkono katika unga. Aliushika mkono wa dada yake mkavu kwa mkavu, chokaa ikamkwaruza, akabaki nayo.

Baraza lilikaa tena baada ya siku saba. Halikukubali kwamba desturi ya jikoni inaweza kuwa sheria, wala halikuweza kukana mikate. Baada ya mjadala wa siku mbili likatoa amri: kuanzia sasa, yeyote atakayeingia Ukumbi wa Misumari sharti awe na sinia kichwani. Haikuandikwa kwa nini. Matajiri wa Juu walitengenezewa masinia ya fedha, mepesi, matupu, yenye nakshi. Msajili mwenyewe alibeba la mbao nyeusi. Waliingia mashariki kwa heshima, shingo wima, hawawezi kugeuka, wakatokea magharibi. Na kwa kuwa hawakuweza kugeuka, hakuna aliyengojana na mwenzake. Ua wa Wangojao ukaota majani. Watu wa Komeani walipoulizwa siri ya mafanikio hayo walijibu kwamba sinia lina baraka.

Bi Tabu alipolisikia hilo alisema, "Waache. Wanakwenda mbele," akaendelea kukanda.

Vuai alibaki mpaka ukuta ulipojengwa upya. Mawe ya pembe ya kipimo aliyachonga yeye. Siku ya kuondoka, asubuhi, aliazima sinia la Bi Tabu, akaliweka juu ya kichwa ambacho hakikuwahi kubeba mzigo mbele za watu, akaingia Ukumbi wa Misumari kwa mlango wa mashariki. Msumari wa kwanza kabisa, wa karibu kuliko yote, ulikuwa wa kipimo, na tangu Pandu hakuna aliyeugusa. Akauchukua ufunguo wake, akaupita mlango wa magharibi, akapanda ukutani, akafungua kibanda.

Chini, Bondeni, Mize alikuwa anaanika nguo kwa mkono mmoja. Vuai alitazama mstari wa maji kwenye jiwe alilolichonga mwenyewe. Kisha akavuta pumzi na kuita kwa sauti yake yote, mpaka dada yake akainua kichwa:

"Dhiraa mbili! Maji yametulia!"

Akashuka, akaenda kuurudisha ufunguo.